Kuzoesha injini ya gari jipya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayetoa gari la zero kilometa dukani, na pia ya yule anayetoa gari lake gereji baada ya ovahol kamili, yaani injini kufunguliwa yote na kufungwa upya. Mwenye pikipiki mpya naye ana sehemu yake karibu na mwisho.

Kuzoesha injini maana yake nini hasa?

Ukuta wa silinda, ule ambao pistoni hupanda na kushuka ndani yake, hauachwi laini kama kioo. Kiwandani hukwaruzwa makusudi kwa jiwe la kusagia, na mikwaruzo hukatana kama nyuzi za wavu. Ndani ya mikwaruzo hiyo ndimo oili inamokaa. Kati ya mkwaruzo na mkwaruzo kuna vilele vidogo visivyoonekana kwa macho. Injini inapoanza kazi, ringi za pistoni (duara za chuma zinazoizunguka pistoni) husugua vilele hivyo hadi vinalala, na ringi zenyewe hulika kidogo kufuata umbo la silinda yake. Zikishakaa vizuri, gesi ya mlipuko haipenyi kushuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na oili haipandi kuungua pamoja na mafuta.

Wengi hudhani ringi hubana ukuta kwa nguvu yake yenyewe, kama springi. Nguvu hiyo ipo, lakini ni ndogo. Kinachoibana kweli ni gesi ya mlipuko, ambayo huingia nyuma ya ringi kwenye mfereji wa pistoni na kuisukuma nje. Ukikanyaga mafuta zaidi, ringi nayo hubana zaidi. Injini inayobembelezwa muda wote haipati msukumo wa kukalisha ringi. Injini inayokamuliwa bila kupumzishwa hupata joto la kukausha utando wa oili. Karibu kila jibu hapa chini limetoka kwenye mambo haya mawili.

Magari ya siku hizi bado yanahitaji mambo haya?

Yanahitaji, ila kidogo kuliko zamani. Wakati fulani huko Uingereza mwenye gari jipya alibandika karatasi kioo cha nyuma kuwaambia wenzake kwamba injini bado inazoeshwa, wampite tu. Leo mashine za kiwandani hukata vilele vya ukuta wa silinda kabla pistoni haijaingia, vipimo ni vya karibu zaidi na oili ni bora. Sehemu kubwa ya kazi imefanyika kabla gari halijapakiwa melini.

Hata hivyo watengenezaji hawajafuta ukurasa huo kwenye vitabu vyao. Toyota husema km 300 za mwanzo epuka breki za ghafla, km 800 usivute tela, na km 1,000 usiende kasi ya kupindukia, usichomoke ghafla, usikae gia ndogo muda mrefu na usishikilie mwendo mmoja kwa muda mrefu. Honda nayo huweka km 1,000 za kutokanyaga mafuta hadi chini. Subaru huweka km 1,600 bila kuvuka RPM 4,000 (RPM ni mizunguko ya injini kwa dakika). Volkswagen husema km 1,000 usivuke theluthi mbili za RPM ya juu kabisa, kisha upandishe taratibu hadi km 1,500. BMW huenda mbali zaidi: km 2,000, bila kuvuka RPM 4,500 kwa petroli na 3,500 kwa dizeli.

Namba zinatofautiana, lakini wote hawataki injini mpya ikamuliwe, na baadhi wanakataza kukaa kwenye mwendo mmoja. Kama kitabu cha gari lako kinasema tofauti na ukurasa huu, fuata kitabu.

Basi hizo km 1,000 niziendesheje?

Kilometa 50 za mwanzo zichukue barabara iliyo wazi, siyo katikati ya mji. Washa, subiri nusu dakika, ondoka polepole hadi mshale wa joto ufike mahali pake pa kawaida. Kumbuka maji ya rejeta hupata moto mapema kuliko oili. Ongeza kilometa 5 hadi 10 za upole baada ya mshale kutulia.

Injini ikishapata moto, anza kuipa kazi na kuipumzisha. Ukiwa gia ya tatu kwenye 40 km/h, kanyaga mafuta nusu, ongeza mwendo hadi 70 au 80, kisha achia pedali kabisa na uache gari lipungue lenyewe kwenye gia ileile hadi 40. Rudia mara nane au kumi, ukiwa na nafasi nyuma yako. Wakati wa kukanyaga, gesi inabana ringi ukutani. Wakati wa kuachia, mvuto unaotokea ndani ya silinda huvuta oili kidogo juu ya ringi, ambayo huosha unga wa chuma na kupoza mahali pa msuguano. Kuachia kuna faida yake kama kukanyaga kulivyo na yake.

Kisha endesha kama kawaida, ukifuata haya:

- Usivuke RPM 4,000 kwa petroli au 3,000 kwa dizeli hadi km 1,000. Mara moja moja kwa sekunde mbili ili kulipita lori si kosa. Usalama wako kwanza.
- Usikanyage pedali hadi sakafuni.
- Badilisha mwendo kila dakika tano hivi. Kidhibiti mwendo cha kujiendesha chenyewe (cruise control) usikiwashe kabisa kipindi hiki.
- Usibanie gia kubwa. Gari likiwa 40 km/h kwenye gia ya tano huku umekanyaga mafuta, injini hutetemeka na kugonga kwa sauti nzito. Mlipuko ni mkubwa wakati shafti inazunguka polepole, na utando wa oili kwenye beringi hupungua unene. Shusha gia.

Kati ya km 1,000 na 1,500, panda taratibu, kwa petroli: RPM 4,500 leo, 5,000 wiki ijayo, hadi ufike kiwango cha kawaida.

Asubuhi niiache inguruma dakika kumi ipate moto?

Hapana. Injini baridi iliyo kwenye sailensa, yaani inayonguruma gari likiwa limesimama, hupata moto polepole mno, na petroli ya ziada inayomwagwa wakati wa baridi huosha oili ukutani. Sekunde 30 zinatosha Tanga au Mombasa. Mbeya au Limuru mwezi wa saba, dakika moja. Baada ya hapo gari liondoke, taratibu.

Nimenunua gari Dar na nalipeleka Mwanza. Safari ndefu italiharibu?

Haitaliharibu, bali ni nafasi nzuri ya kulizoesha kama hutalala kwenye mwendo mmoja. Zaidi ya kilometa 1,100 zinatosha karibu kipindi kizima. Vibao vya 50 kwenye kila kijiji, ambavyo madereva huvilalamikia, hapa vinakufanyia kazi: unapunguza hadi 50, unatoka kijijini, unakanyaga hadi 80 au 90, unapunguza tena. Huhitaji mpango mwingine.

Hatari iko kwenye vipande virefu vilivyonyooka, kama kule kati ya Dodoma na Singida, ambako dereva hushikilia 110 kwa saa nzima huku mguu hausogei. Vunja mwendo huo mwenyewe: 80 kwa dakika chache, 95, rudi 70. Kila saa moja na nusu simama dakika kumi, fungua boneti uangalie kama kuna tone lolote chini ya injini au harufu ya oili inayoungua. Nta na mafuta ya kukinga kutu yaliyopakwa kiwandani kwenye bomba la moshi hutoa harufu na moshi mwembamba siku ya kwanza; hayo yatakwisha.

Mlima kama Sekenke, au Kitonga kwa anayekwenda Iringa, panda kwa gia ya chini na RPM kati ya 2,500 na 3,500. Usipande kwa gia kubwa ukidhani unaionea injini huruma. Kushuka nako tumia gia ileile, maana breki zako nazo ni mpya.

Mombasa hadi Nairobi ni zaidi ya kilometa 480 na karibu njia nzima unapanda, kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,600 na ushee. Msururu wa malori utakulazimisha kubadilisha mwendo utake usitake.

Mimi gari langu ni la kazini na nyumbani, foleni tupu. Nifanyeje?

Hali hii ni mbaya kuliko safari ndefu, na watu wachache huambiwa. Foleni ya Mbagala au ya Thika Road ni sailensa, mita ishirini, sailensa. Injini inazunguka saa mbili, odometa inaongeza kilometa nane, na ringi hazijapata mlipuko wa maana hata mmoja. Oili nyembamba inayobaki ukutani huungua polepole na kugeuka gamba gumu la rangi ya kahawia linalojaza mikwaruzo. Likishajaa, ringi huteleza juu yake na hazikai tena.

Tenga asubuhi za Jumapili mbili za mwanzo. Toka mjini kilometa 60 kwenda na 60 kurudi, ufanye zoezi la kukanyaga na kuachia tulilolieleza juu. Gari la foleni lililopata safari mbili za namna hiyo liko salama zaidi kuliko lililotembea km 1,000 zote kati ya Posta na Kariakoo.

Kuna wanaosema injini mpya ikanyagwe kwelikweli tangu siku ya kwanza. Ni kweli?

Nusu. Wanachokisema kuhusu ringi kuhitaji msukumo ni sahihi, na mfano mzuri uko kwenye ndege ndogo: injini za pistoni za Lycoming huzoeshwa kwa nguvu kubwa, karibu asilimia 75, kwa oili ya madini ya kawaida, na rubani huambiwa asikae muda mrefu ardhini injini ikinguruma bure. Lakini wanaoitumia hoja hiyo barabarani husahau mambo mawili. Ndege haipandishwi RPM hadi mwisho, hupewa mzigo. Pili, gari jipya lina gia, difu, klachi na breki ambavyo navyo vinazoea. Mzigo wa wastani kwenye RPM za katikati unakupa faida yote bila kuhatarisha vingine.

Gari langu ni otomatiki. Gia inajibadilisha yenyewe, nitaidhibiti vipi?

Kwa mguu. Ukikanyaga nusu haitarusha RPM. Kama mkono wa gia una S, L au alama za kujumlisha na kutoa, zitumie unaposhuka mlima au unapotaka gari lipungue kwa injini. Kwa CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), kumbuka RPM hubaki mahali pamoja hata mwendo unapoongezeka, kwa hiyo achia pedali mara kwa mara. Haibridi (gari la injini na mota ya umeme) huwasha injini inapotaka, wakati mwingine ikiwa baridi na wewe tayari uko barabarani. Dakika tano za kwanza usidai nguvu ya ghafla.

Oili ya kwanza niimwage lini?

Hapa ndipo ubishi ulipo gereji nyingi. Fundi wa mtaani atakwambia km 500, muuzaji atakwambia 5,000 au 10,000.

Kwa gari jipya kutoka kiwandani, anza na kitabu. Honda wanasema wazi oili ya kiwandani isimwagwe kabla ya wakati wa sevisi, kwa hiyo iache. BMW za M (matoleo yake ya kasi), kinyume chake, huitwa sevisi ya kwanza km 2,000. Pale ambapo kitabu hakikatazi, tunapendekeza kumwaga kati ya km 1,000 na 1,500, oili pamoja na filta. Sababu ni unga wa chuma: mwingi hutoka siku za mwanzo, filta hukamata chembe kubwa, zile ndogo huendelea kuzunguka na oili. Injini nyingi za lita 1.5 hadi 1.8 hubeba kati ya lita 3.5 na 4.5, gharama inayobebeka ukilinganisha na bei ya gari. Si lazima. Gari halitakufa usipofanya.

Ukimwaga, fanya hivi. Injini iwe na moto wa wastani. Weka beseni safi, fungua nati ya sampu, iache itone dakika kumi. Chukua oili kidogo kwenye kiganja, juani, uitazame. Mng'ao wa kijivu kama rangi ya fedha iliyosagwa ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvihisi kwa kidole si kawaida, na rangi ya shaba ni dalili kwamba beringi inalika. Piga picha, weka sampuli kwenye chupa, rudi kwa muuzaji. Weka washa mpya kwenye nati. Toyota nyingi ndogo hukazwa karibu Nm 37 hadi 40 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza, husomwa kwenye spana ya kupimia). Anayekaza kwa bomba refu ndiye anayeua uzi wa sampu. Filta ipakwe oili kwenye mpira wake na ikazwe kwa mkono.

Weka oili ya daraja lilelile. Kama kifuniko kimeandikwa 0W-20 au 5W-30, usikubali kubadilishiwa 20W-50 "kwa sababu ya joto la huku". Njia za oili ni nyembamba, na mfumo wa kubadilisha muda wa valvu hutumia oili hiyohiyo kusukumwa. Dawa za kuongeza utelezi usitie kabisa kipindi hiki. Unataka ringi zisugue, halafu unanunua chupa ya kuzuia zisisugue?

Tunza risiti ya kila kitu. Bila risiti, dai la waranti huwa gumu.

Oili inapungua. Nirudishe gari?

Pima kwanza vizuri. Gari mahali tambarare, injini ya moto, zima, subiri zaidi ya dakika tano, chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena. Kutoka alama ya chini hadi ya juu ni lita 1 hadi 1.5 kwa magari mengi. Pima kila Jumamosi na uandike.

Kupungua robo lita hadi nusu kwa km 1,000 za mwanzo hakushangazi. Toyota kwenye vitabu vyao huweka ukomo wa juu wa lita 1 kwa km 1,000. Kinachotakiwa ni kwamba kiasi kishuke kadiri kilometa zinavyopanda. Kikibaki kilekile baada ya km 5,000, fungua madai.

Oili ikiongezeka badala ya kupungua, mafuta yanaingia ndani yake. Hutokea kwa safari fupi mno ambazo injini haipati moto. Ikinuka petroli na imepita alama ya juu, imwage.

Naweza kupakia mzigo?

Pikapu ya tani moja hubeba mifuko 20 ya sementi ya kilo 50. Km 1,000 za mwanzo ishie mifuko minane hadi kumi. Mzigo kidogo una faida, kwa sababu zilizotajwa. Tela ni marufuku hadi kipindi kiishe.

Dizeli yenye turbo ina masharti ya ziada?

Yapo mawili. Usizime injini ghafla baada ya kuikamua: ukitoka mwendo wa 80 subiri kama sekunde 20, ukitoka 100 dakika moja, ukitoka mlima mkali dakika mbili. Turbo hutegemea oili kupoa, na ukizima, pampu imesimama wakati shafti ya turbo bado inazunguka ikiwa ya moto. Sharti la pili ni dizeli safi. Iliyochanganywa na mafuta ya taa haina ulainisho wa kutosha kwa pampu na nozeli. Tanzania EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama za kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji huo. Jaza kituo chenye magari mengi, na omba risiti.

Breki, tairi na klachi je?

Pedi mpya hazijagusana na diski kwa upana wote, kwa hiyo km 300 za mwanzo gari huchelewa kusimama kuliko utakavyotarajia. Tafuta barabara tupu, punguza kutoka 60 hadi 10 kwa breki za wastani, mara kumi, ukipumzika nusu dakika kila mara, na usisimame kabisa ukiwa umekanyaga, maana pedi ya moto huacha alama kwenye diski. Tairi mpya zina utelezi juu yake kutoka kwenye kalibu. Mvua ya wiki ya kwanza ipe heshima. Klachi usiishikilie nusu kwenye mlima. Tairi ikifunguliwa kwa sababu yoyote, rudi ukaze nati baada ya km 100. Toyota nyingi ndogo ni Nm 103.

Nimeagiza gari Japani lenye km 80,000. Nalo nilizoeshe?

Hapana. Ringi zake zilikaa miaka mingi iliyopita. Hilo linahitaji oili na filta mpya, maji ya rejeta, hewa ya tairi na jicho la fundi kwenye mikanda na mipira. Breki zinaweza kusaga siku mbili kwa kutu ya melini.

Nimefanya ovahol. Fundi anasema tuiache injini sailensa siku nzima "ijifungue". Nikubali?

Ukatae kwa adabu. Desturi hiyo imeharibu injini nyingi zilizofungwa vizuri. Ni foleni ileile tuliyoieleza, ila imesogezwa gereji: injini inanguruma saa nane, ringi hazibanwi, ukuta unaota gamba. Wiki moja baadaye gari linatoa moshi wa bluu na lawama inaangukia ringi "feki".

Injini ya ovahol inahitaji kuzoeshwa kuliko ya kiwandani, kwa sababu vipimo vyake vimetoka mikononi mwa watu. Kabla haijafungwa, hakikisha mambo haya umeyaona kwa macho yako:

Silinda baada ya kuchongwa na kukwaruzwa ioshwe kwa maji ya moto, sabuni na brashi, siyo petroli. Petroli huondoa oili, lakini unga wa jiwe hubaki ndani ya mikwaruzo. Futa kwa kitambaa cheupe kilicholowa oili. Kikitoka kijivu, osha tena. Kitoke cheupe ndipo ufunge. Hatua hii ya dakika ishirini ndiyo inayorukwa zaidi, na unga huo ni msasa unaokula ringi mpya kabla ya km 5,000.

Ringi ipimwe nafasi yake ikiwa ndani ya silinda. Kwa silinda ya kipenyo cha milimita 86, ncha zake ziachane karibu milimita 0.30 hadi 0.35. Zikikaribiana mno, zitakutana injini ikipata moto na kukwaruza ukuta. Herufi ndogo iliyochongwa kwenye ringi iangalie juu, na midomo ya ringi tatu isipangwe mstari mmoja.

Siku ya kuwasha: jaza oili ya madini ya daraja linalotakiwa na filta iliyolowa. Ondoa plagi, kata umeme wa mafuta, zungusha kwa starta sekunde 10, pumzika 30, hadi taa ya oili izime. Hakikisha rejeta imejaa na hewa imetolewa. Rudisha plagi, washa, panda mara moja hadi RPM 1,500 au 2,000. Kwa injini za zamani za pushirodi, ambazo kamshafti (shafti inayofungua valvu) husugua tapeti bapa, kaa RPM 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20 bila kushuka, la sivyo kamshafti italika siku hiyohiyo. Nyingine, dakika tano za kuangalia uvujaji zinatosha. Zima, ipoe, pima oili na maji, kisha ingia barabarani ufanye zoezi la 40 hadi 80.

Mwaga oili hiyo km 500, ya pili km 1,500, kisha endelea na ratiba ya kawaida. Uliza kama gaskiti ya hedi ni ya aina inayotaka kukazwa tena. Za chuma za tabaka nyingi hazitaki.

Pikipiki mpya ya bodaboda inatofautiana vipi?

Injini inapozwa na upepo, kwa hiyo joto hupanda haraka. Yamaha kwa pikipiki zao nyingi ndogo husema km 500 za mwanzo usikae muda mrefu ukiwa umezungusha mkono wa mafuta zaidi ya theluthi moja, na 500 hadi 1,000 usizidi nusu. Baada ya saa moja ya kazi zima dakika tano hadi kumi. Mshikaki (abiria zaidi ya mmoja) usiupakie kabisa mwezi huo, hata abiria wakikubembeleza. Oili imwagwe kati ya km 500 na 1,000 kama kitabu kinavyosema, na iwe yenye alama ya JASO MA, maana oili hiyohiyo inalowesha klachi. Oili ya gari yenye viongeza utelezi huifanya klachi iteleze. Siku hiyohiyo fundi apime nafasi ya valvu, akaze mnyororo na nati zote.

Nilikwenda 130 siku ya pili kabla sijasoma haya. Nimeiua?

Kwa uwezekano mkubwa, hapana. Endelea vizuri kuanzia leo na upime oili kila wiki.

Nitajuaje kwamba ringi hazikukaa?

Moshi wa bluu unapokanyaga mafuta. Oili inayopungua bila kuvuja. Chungulia mdomo wa oili injini ikinguruma: mvuke mwembamba ni kawaida, lakini upepo unaorusha matone ni gesi inayopita ringi.

Hakiki kwa kipimo cha kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), injini ya moto, plagi zote nje, pedali chini. Petroli nyingi husoma kati ya bar 12 na 14. Silinda zisitofautiane zaidi ya asilimia 10 hadi 15. Iliyo chini mwagie kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Ikipanda sana, tatizo ni ringi. Isipopanda, angalia valvu au gaskiti.

Kama ni ringi na injini haijafika km 3,000, jaribu kwanza safari mbili za kilometa 100 za kukanyaga nusu na kuachia, ukimwaga oili baada yake. Pima kompresheni tena. Isipobadilika, pistoni zitoke, ukuta ukwaruzwe upya kidogo na ringi mpya ziingie.